Siku Darweshi Dobi Alipoziba Mbingu

Darweshi Athumani alikuwa dobi, na kama madobi wengi aliamini kwamba anawajua watu kuliko wanavyojijua wenyewe. Kwa miaka ishirini na miwili alifua shuka za hoteli moja karibu na stesheni ya reli, na kwa kutazama doa tu angekuambia nani alilala na viatu na nani alilia usiku kucha. Hayo aliyajua vizuri. Asichokijua ni dunia, na dunia ndiyo aliyopenda kuizungumzia.

Kila Jumamosi alinunua gazeti la Kiswahili, akalisoma kutoka habari za wakubwa mpaka tangazo la dawa ya minyoo, kisha akaketi kibarazani kwake, mtaa wa Bondeni, Nakuru, akawasomea majirani wasiojua kusoma, na waliojua vilevile, wapende wasipende. Jirani yake Wanyoike, fundi seremala, alikuwa na kazi ya kumkatiza. Darweshi akisema Wazungu wamevumbua kitu cha kumaliza watu wote kwa asubuhi moja, Wanyoike alisonya na kumwuliza ni nani basi atakayebaki kuwalimia hao Wazungu. Watu wakacheka, Darweshi mwenyewe akacheka, na hofu ikapata pa kutokea. Lakini mwaka uliotangulia Wanyoike alipakiwa kwenye lori la askari pamoja na Wakikuyu wengine wa mtaa ule, akapelekwa kusikojulikana, na mlango wake ukapigiliwa mbao. Tangu hapo Darweshi alisoma peke yake. Hakuna kilichomharibu kama kukosa mtu wa kumcheka.

Mwezi wa pili mwaka 1955, gazeti liliandika kwamba Uingereza nayo itatengeneza lile bomu kubwa kuliko yote. Chini yake ilirudiwa habari ya wavuvi wa Kijapani. Walikuwa mbali sana na bomu la Wamarekani, mbali kiasi cha kuona mwanga tu upande mmoja wa bahari, halafu wakaangukiwa na majivu meupe kutoka juu. Majivu hayakuchoma wala hayakunuka. Waliyapangusa kwenye nguo wakaendelea na kazi. Baadaye vichwa vikawauma, wakatapika, nywele zikang'oka, na mmoja wao akafa. Darweshi aliisoma habari hiyo mara nne. Bomu lenyewe halikumtisha sana, kwa sababu kitu chenye kishindo mtu hukisikia akakimbia. Alichokiogopa ni kile kitu cheupe kinachomdondokea mtu kimyakimya akiwa kazini kwake.

Wiki hiyohiyo bintiye Hadiya alijifungua mtoto wa kike. Hadiya alikuwa mwanawe wa pekee, na mimba zake mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika, kwa hiyo safari hii alirudi kwa baba yake mapema, kabla tumbo halijawa kubwa. Mumewe Gelle, dereva wa lori la ngano, alikuwa kazini Mau Narok na alitarajiwa siku ya saba, siku ya kumnyoa mtoto nywele na kumpa jina. Mkunga alipomaliza kazi yake aliacha maagizo ya siku zote: mzazi na mtoto wakae ndani siku arobaini, jiko la makaa liwe karibu na kitanda wasiingiwe na baridi, na lile dirisha dogo la juu lisifungwe kamwe.

"Hata kukiwa na mvua?" Darweshi aliuliza.

"Hata ikinyesha mawe," mkunga akamjibu.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, upepo ulianza kuvuma. Darweshi alikuwa uani akianika. Alitazama juu akaona jua limepauka, na anga yote upande wa chini wa mji imekuwa nyeupe. Kisha kitu kikaanza kushuka. Kilikaa juu ya kamba, juu ya pasi yake nyeusi, juu ya nywele za mikono yake. Alikipuliza, kikarudi. Kilikuwa cheupe na chepesi, na hakikuwa na harufu.

Kulikuwa na ziwa upande ule, bila shaka. Darweshi alijua kwamba limepungua, kama mtu anavyojua kwamba jirani anaumwa, ila hakuwa ameshuka kulitazama tangu mwaka juzi. Wakati huo hata hakulikumbuka. Alikumbuka gazeti tu. Mkojo ukamtoka kidogo, na hilo alikuja kulikiri mwenyewe.

Alibeba shuka kumi na mbili za hoteli, zote mbichi, akakimbilia ndani. Alizitundika mlangoni, akaziba dirisha kubwa, akajaza upenyo wa chini ya mlango.

"Baba, unafanya nini?" Hadiya aliuliza kutoka kitandani.

"Yale majivu yamefika. Usimtoe mtoto nje."

"Majivu gani?"

Alimweleza. Hadiya alimvuta mtoto kifuani. Alikuwa mwanamke mwenye akili, na siku nyingine angemwuliza bomu la huko baharini limefikaje Nakuru bila kupitia Mombasa. Lakini alikuwa na siku nne tangu ajifungue, damu imempungua, na mtu aliyekuwa akimwambia hayo ni baba yake.

Dobi akiogopa hupiga pasi, hajui kingine. Darweshi alitia makaa kwenye jiko la pili, makaa mazuri ya kutoka msitu wa Bahati, akajaza pasi, akaanza kunyoosha foronya za hoteli mlemle ndani. Alipopiga pasi alifikiri. Alifikiria ngano ya Mau Narok, majivu yakiikalia kimya na watu wakiivuna na kuila. Alifikiria ng'ombe wakila majani hayo na watoto wakinywa maziwa yao. Kama watu wameweza kuitia sumu mvua yenyewe, aliwaza, basi hakuna tena mahali pa kuhamia, maana kila nchi ina mbingu juu yake. Huyu mtoto amekuja kufanya nini? Atakua aone nini? Nani atamzika nani? Maswali haya yalimzunguka kichwani, na baada ya muda kichwa chenyewe kikaanza kumgonga.

Aliweka pasi chini. Kichwa kilikuwa kinamuuma kwelikweli, juu ya macho, na kichefuchefu kinampanda.

"Sumu imeingia," alisema.

Akatazama huku na huku kuona imepita wapi, akaliona lile dirisha dogo la juu. Alipanda juu ya sanduku, akaviringisha shuka ya mwisho, akaliziba.

Hadiya alisema naye kichwa kinamuuma. Baada ya muda mfupi akatapika pembeni mwa kitanda. Darweshi alimpangusa mdomo huku analia, kwa kuwa mambo yalikuwa yakija sawasawa na yalivyoandikwa, moja baada ya jingine. Alipapasa kichwa cha mtoto aone kama nywele zinatoka. Hazikutoka. Akachochea jiko la kitandani, maana miguu ya binti yake aliiona kama imepoa, akaloweka tena shuka za mlangoni ziwe nzito zaidi.

Kisha Hadiya akaacha kumjibu. Mtoto, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kukaa saa nzima bila kudai ziwa la mama yake, alikuwa kimya. Darweshi alitaka kumwendea, miguu ikakataa. Aliketi sakafuni katikati ya majiko mawili akaanza kusoma shahada.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Cheptanui, mama wa Kikipsigis aliyewaletea maziwa kila adhuhuri.

"Hodi. Mzee, maziwa."

"Rudi, Cheptanui," Darweshi alisema kwa shida. "Utakufa huko nje."

"Nani anakufa? Fungua mlango."

"Majivu."

Cheptanui alitega sikio mlangoni. "Mzee, mtoto ako wapi? Mbona siskii mtoto?"

Cheptanui aliweka kibuyu chake chini, akausukuma mlango kwa bega, mara ya kwanza, mara ya pili. Komeo likang'oka, shuka mbichi zikaporomoka. Alisimama pale mlangoni, joto la makaa likampiga usoni, akaelewa kwamba ni hewa ya makaa yaliyofungiwa ndani. Aliziba pua na kanga, akaingia, akamchukua mtoto, akatoka naye. Akarudi, akamshika Hadiya kwapani, akamburuta mpaka uani. Darweshi alitoka kwa kutambaa.

Nje vumbi lilikuwa bado linashuka. Mtoto alikuwa amelazwa mapajani mwa Cheptanui, amelegea, mdomo wazi, na lile vumbi jeupe linamwangukia midomoni. Darweshi alijikokota mpaka pale, akanyoosha kiganja amfunike uso.

Cheptanui aliupiga ule mkono. "Wacha apumue, mzee."

"Itamwua."

"Wewe ndio unamuua. Ondoa mkono."

Alimpulizia mtoto usoni. Alimgonga nyayo kwa vidole. Alimgeuza, akamsugua mgongo, akampulizia tena. Darweshi alitazama kifua kile kidogo ambacho hakikupanda, na hofu yote aliyokuwa nayo ya Wamarekani na Waingereza na mabomu yao ikawa si kitu. Hadiya alianza kukohoa na kutapika pembeni. Mtoto bado. Cheptanui akampiga nyayo kwa nguvu zaidi, akisema maneno ya kwao kwa sauti ya chini.

Kisha mtoto akashtuka, akavuta pumzi moja ndefu yenye kukwaruza, akatulia, akavuta nyingine, akalia. Kilikuwa kilio chembamba kisicho na nguvu, na Cheptanui naye akaanza kulia.

Baadaye, Hadiya alipokuwa ameegemezwa ukutani akimnyonyesha, Cheptanui alipitisha kidole juu ya kibuyu chake kilichotapakaa vumbi jeupe, akakilamba mbele ya Darweshi.

"Hii ni chumvi ya ng'ombe," alisema. "Ziwa imekauka yote. Juzi ng'ombe yetu imepita katikati, hata kwato haikulowa."

Darweshi alisugua vidole vyake vyenye maji. Vikateleza kama vyenye sabuni. Yalikuwa magadi. Miaka ishirini na miwili alikuwa akitia magadi kwenye beseni kila siku ya Mungu, na siku ile vidole vilevile vilishindwa kuyajua. Aibu ilimshika, akavifuta vidole kwenye nguo.

"Na heroe, wale ndege wa ziwani?" aliuliza.

"Wameenda. Hakuna hata mmoja."

"Maji yatarudi lini?"

"Mimi sijui, mzee. Pengine yatarudi, pengine hapana. Hata baba yangu ukimuuliza hajui."

Darweshi hakupata nafuu kwa jibu hilo. Ziwa zima lilikuwa limeondoka bila mtu kulipiga bomu, nalo lilikuwa linamdondokea begani, na yeye alikuwa babu wa mtoto atakayeishi hapa. Aliingia ndani akamwagia maji majiko yote mawili, akafungua kila kitu kilichofunguka, na lile dirisha dogo akaling'oa pamoja na fremu yake.

Siku ya saba Gelle alifika kutoka Mau Narok na mbuzi. Alikuwa ameshaambiwa. Hata hivyo alimsalimu mkwewe kwa adabu kama kawaida. Cheptanui naye alikuwa amealikwa. Mtoto akapewa jina la mama yake Gelle, Kinsi. Wembe ulipokuwa tayari, Hadiya alitoka na mtoto akamfuata baba yake aliyekuwa amesimama peke yake mwisho wa ua, kwa kuwa ni babu ndiye anayempakata mtoto akinyolewa.

"Mpokee, baba," alisema.

Darweshi alimtazama mjukuu wake. Alikuwa macho, mzima, ananyonya ngumi. Kisha Darweshi akarudi nyuma hatua moja, akaificha mikono yake nyuma ya kanzu.

"Mpe Cheptanui," alisema.