Kimoja Simama, Viwili Twende

Gari letu la jipu, hapa Butembo mashariki mwa Kongo, lilinunuliwa kwa ajili ya kanisa, harusi na kupeleka watoto shuleni, na mume wangu aliliosha mwenyewe kila Jumamosi. Nilipomwambia nataka lifungwe kulabu ya kuvutia tela, alinijibu bila kuinua kichwa: "Jeep ni ya batu. Hapana punda." Nikaipiga teke ndoo yake, maji yakamlowesha, nikachukua ufunguo. Mimi ni mwepesi wa hasira, nimezaliwa hivyo, na sitajitakasa hapa.

Sababu ilikuwa mama yangu. Alikuwa bado kijijini Kalunguta, na wiki ile wauaji walikuwa wameshuka kwenye mashamba ya mlima wa pili. Walimkata jirani yake kwa panga pamoja na wanawe wawili waliokuwa wakivuna maharagwe. Mama aliwazika, akarudi nyumbani, akasema hatoki. Mdogo wangu wa kiume aliyekuwa akiishi naye alimbembeleza siku tatu, na mwishowe mama akakubali kwa sharti moja: haachi kitu. Kitanda, cherehani, magunia, kuku, hata jiwe la kusagia. Vitu hivyo haviingii ndani ya jipu. Jirani yangu, mchuuzi wa viazi vya Musienene, aliniazima tela yake, ikabaki kulabu tu.

Fundi wa kuchomelea alichungulia chini ya gari, akainuka akijifuta mikono.

"Mama, ii attache, kulabu yako, inaenda ku châssis, ku mifupa ya gari. Nitatoboa, nitaweka boulons. Unipatie siku mbili."

"Siko na siku mbili. Choma apa ku pare-chocs." Nikamwonyesha bampa la nyuma.

"Pare-chocs ni bati tu, mama. Hapana itashika. Itapasuka."

Alisema hivyo akitabasamu, kama mtu anayemweleza mtoto. Nikamzaba kofi, mtu mzima mwenye ndevu, mbele ya wateja wake. "Mama yangu akikatwa, ni weye utamuzika? Choma!"

Alishika shavu lake. Kisha akavaa miwani yake myeusi, akaichomelea kulabu kwenye bampa, palepale nilipoonyesha kwa kidole. Nilirudi nyumbani nikijiona nimeshinda.

Kesho yake asubuhi nilikuwa Kalunguta. Tulipakia haraka. Mama alisimama mlangoni, akaiambia nyumba yake "wasingya", asante, akaingia garini na kukaa nyuma kabisa, kichwa amekiegemeza kwenye mlango wa nyuma ili avilinde vitu vyake. Mdogo wangu akapanda juu ya mzigo kwenye tela.

Kwetu anayepanda juu ya mzigo huongea na dereva kwa kupiga bodi. Kipigo kimoja, simama. Viwili, twende. Mkono wa mdogo wangu haukufika kwenye jipu, basi akachukua mchi mrefu wa mama wa kutwangia sombe, majani ya muhogo.

"Yaya, dada yangu, utasikia?"

"Piga na nguvu. Siko kiziwi."

Akacheka, akapiga viwili, tukaondoka.

Risasi zilianza pale barabara inapoteremka kwenye mashimo. Kioo cha pembeni yangu kilipasuka, vipande vikanichana shavu, damu ikaingia mdomoni. Nikakanyaga mafuta. Tukaruka shimo, tukaruka jingine, na nyuma yangu nikasikia paa! paa! Viwili. Twende. Nikakanyaga zaidi. Mara gari likawa jepesi, likapanda kilima kana kwamba halina kitu, na nakumbuka vizuri kwamba nilifurahi, nililisifu kwa sauti. Mama alikuwa akipiga kelele. Nikamfokea anyamaze.

Kwenye kizuizi cha wanajeshi nilishuka, nikazunguka nyuma. Hapakuwa na tela. Bampa lote lilikuwa limeng'oka pamoja na kulabu. Nikarukia usukani ili nigeuze gari. Askari mmoja akanivuta nje, akanipiga kifuani kwa kitako cha bunduki, akinifokea kwa Kilingala: "Mama, okokufa!" Utakufa. Nilimng'ata mkono. Akanipiga tena, wenzake wawili wakaniketisha chini, wakanishikilia.

Wanajeshi walimleta mdogo wangu saa tisa, kwenye turubai. Wauaji walikuwa wamemkata shingo na mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa bado umeshika mchi, na kwenye ncha yake kulikuwa na damu na nywele za mtu mwingine. Nilizifurahia zile nywele. Mpaka leo nazifurahia.

Fundi alikuja msibani. Aliketi na wanaume, alibeba jeneza, na hakusema hata mara moja kwamba alinionya. Natamani angenirudishia lile kofi mbele ya watu wote.

Mama sasa anaishi kwangu. Aliuosha mchi na bado anatwangia sombe, na mimi kwa miezi mingi nilijituliza kwa jambo moja tu: mdogo wangu alipiga viwili. Yeye mwenyewe alisema twende. Mchana mmoja, mama akitwanga uani, nikamwambia hivyo, labda ili na yeye apoe moyo.

Aliacha kutwanga.

"Alipiga moya," alisema, akiinua kidole kimoja. "Kichwa yangu ilikuwa ku ule mulango. Aliona attache inatoka, akapiga moya. Ya pili ilikuwa chuma kukatika."

Nilitaka kusema nisingeweza kujua.

"Nilikuwa nakuambia simama," akasema. "Ukaniambia ninyamaze."

Kisha akasukuma kinu mbele yangu, akanipa mchi, nimalizie sombe.