Wimbo wa Papa Riziki Usio na Maneno

Enzi zetu pale Kakuma, wimbo mpya ulingojewa kama mgeni wa mbali, na ulipofika tulinawa mikono kabla ya kuugusa. Siku hizi mwanangu Ekai anaugusa kwa kidole, anausikiliza nusu, anauruka. Ana nyimbo za dunia nzima kwenye simu, na bado analalamika kwamba hana kitu cha kusikiliza. Jamani!

Sisi tulikuwa na Papa Riziki. Alikuwa mkimbizi kutoka Kongo, akikaa kambini ng'ambo ya laga, ule mto mkavu, na jina lake alilipata kwa binti yake wa kwanza, Riziki. Gitaa alilitengeneza mwenyewe kwa debe la mafuta ya msaada. Kanda zake alizirekodi kwenye chumba cha udongo, dirisha limezibwa kwa blanketi ili upepo usiingie kwenye wimbo, na upepo uliingia tu. Mtu huyo alitunga bila kupumzika. Mkewe akiunguza maharagwe, haupiti muda tunasikia wimbo wa maharagwe. Aliimba foleni ya maji, aliimba vumbi, aliimba kandambili yake iliyokatika siku ya Krismasi. Kila kanda ilikuwa na picha aliyoichora kwa mkono, na mama, aliyekuwa akipeleka kuni na makaa kambini, alirudi na mahindi, na mara nyingine kanda moja juu ya mzigo.

Kusikiliza ilikuwa kazi. Betri zikichoka tulizianika juani juu ya bati, tukizilinda kuku wasizidonoe, na jua la Kakuma mnalijua, linaweza kumfufua hata aliyekata tamaa. Kurudisha kanda nyuma tulitumia kalamu, tunaizungusha mpaka kidole kinauma, maana redio ikirudisha yenyewe inamaliza betri. "Mkimaliza betri, mtaimba wenyewe!" mama alituonya. Basi wimbo uliotuchosha tuliupitisha haraka kwa kalamu. Na uliotuchosha kuliko zote ulikuwa wa mwisho kwenye kanda yenye picha ya mbuzi aliyepanda paa. Ulikuwa gitaa tupu, bila neno hata moja. Tulisema Papa Riziki alisahau kuimba.

Kanda hizo ninazo hadi leo hapa Lodwar, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Mke wangu huniuliza kama ninafuga panya humo. Mwezi uliopita nilipata redio kaseti kwa fundi mmoja sokoni, nikaanza kuzipitia moja moja. Nilicheka peke yangu kwa wimbo wa maharagwe. Wa foleni ya maji niliokuwa nikiucheza nikiwa mdogo, kumbe ni wimbo wa huzuni! Lakini kanda ya mbuzi ndiyo iliyonikamata. Mtu aliyeshindwa kunyamaza hata akiwa na ugali mdomoni, kwa nini pale alinyamaza? Niliurudia wimbo ule, nikaurudia tena. Gitaa linapanda, linashuka, halafu linapiga taratibu mahali pamoja, kama mtu anayesubiri mwenzake afunge kamba ya kiatu. Mara nikasisimka mwili mzima. Ule ulikuwa wimbo wa baba yangu.

Apaa, ndivyo tunavyomwita baba, anaishi nami sasa. Zamani alichunga upande wa Lopur, na alikuwa na dume lake la fahari, jekundu, pembe zimepinda kuelekea mbele. Aliliita Loreng. Wenzake hawakumwita jina alilozaliwa nalo, walimwita Apaloreng, maana kwetu mwanamume hujulikana kwa dume lake. Na dume hilo lina wimbo wake, alioutunga mwenyewe. Jioni akiwa na raha aliinua mikono juu, akaikunja kama zile pembe, akaimba mpaka sisi watoto tukaacha kutafuna matunda ya mkoma. Loreng alipozeeka, lilifuata jingine kwa jina lilelile. Kisha ukame ukaja ukamaliza zizi zima, na Apaa akaacha kuimba. Sikumwomba kamwe. Ungeanzaje kumwambia mzee amwimbie ng'ombe asiyekuwepo? Wajukuu wake hawajawahi kusikia sauti yake ikipanda, na mimi nilitamani kuisikia tena angali hai, wala sikuona aibu kutamani hivyo.

Jumapili tukiwa tumetoka kanisani, nikaiweka redio uani mbele ya kiti chake.

"Ejok, Apaa," nikamsalimu.

"Ejok-noi. Hiyo takataka inafanya kazi?"

Nikaiwasha. Ekai alikuwa ukutani na simu yake. Gitaa la debe likaanza, na upepo wa Kakuma ndani yake. "Buda," akaniambia, "huyu msee alisahau kuimba?" Nikacheka kimoyomoyo, maana hayo hasa ndiyo tuliyosema sisi. Apaa hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa. Gitaa likapanda, likashuka, likafika pale linaposubiri.

Mikono ya Apaa ikainuka. Ilikunjwa sawasawa, na sauti ikatoka, nyembamba kuliko ninavyoikumbuka, ikaingia mahali palepale kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Alimwita Loreng kwa jina, na kwa maji aliyokunywa, na kwa vumbi aliloinua. Mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi. Nililia, kwa nini nifiche?

Halafu redio ikatafuna kanda. Mlio mmoja mbaya, gitaa likakatika. Nikairukia, Apaa wala hakugeuka. Aliendelea peke yake hadi mwisho wa wimbo, ndipo akashusha mikono akaomba maji.

"Apaa, huyo Papa Riziki aliutoa wapi wimbo wako?"

Akanywa kwanza. "Alikuja kwa mama yako kununua makaa, akanikuta ninaimba. Akaniambia, 'Mzee, minaomba huu wimbo, niutie mu kanda.' Nikamwambia, 'Ng'ombe yangu, wimbo yangu. Maneno haiimbwi na mtu mwingine.' Akafikiri. Akasema, 'Njo vile. Mi nitapiga gitaa tu. Maneno nitakuachia nafasi, siku utasikia utaingia.'"

"Na hukuwahi kuingia?"

"Nilikuwa malishoni. Nilipokuja nyumbani, nyinyi mlikuwa mnaupitisha na kalamu."

Ekai alikuwa amesogea karibu, simu imeinuliwa. "Babu, rudia kidogo nirekodi. Hii ni moto!"

"Weka chini. Huo si wako."

"Sasa wangu nitautoa wapi?"

"Kwa ng'ombe yako," Apaa akasema, kwa upole kabisa. "Anaitwa nani?"

Kijana mwenye nyimbo za dunia nzima akaishusha simu. Nami nilikuwa nimeshafungua kinywa kumkejeli, kwamba vijana wa leo, vijana wa leo. Lakini Ekai hakunipa nafasi hiyo. Alininyooshea kidole akasema, "Muulize baba kwanza."

Apaa akanigeukia akangoja. Papa Riziki alipata safari ya nchi ya mbali miaka mingi iliyopita, na ile kanda ya mbuzi imekunjamana kwenye kiganja changu ninapoandika haya. Ninajua kila wimbo alioutunga, wa jiko, wa vumbi, hata wa kandambili. Enzi zetu, ninapenda kusema, tulikuwa na nyimbo. Apaa alikuwa na wimbo. Mimi nilikuwa na sanduku la nyimbo za watu, na baba yangu alikuwa bado ananitazama, akisubiri nimtajie jina la ng'ombe wangu.