Mawifi wa Tangi: Mmoja Ndani, Mmoja Mlangoni

Asubuhi, kabla jua halijaanza kuchoma mabati ya karakana, mwanamke mmoja amepiga magoti kwenye sitaha ya boti ya abiria, ameinamia tundu jeusi. Mkononi ameshika kamba. Anapiga soga na tundu.

"Halafu huyo bwana harusi akasemaje?"

"Akasema pete ameisahau nyumbani!" tundu linajibu, sauti ikivuma kama ya mtu aliye ndani ya pipa.

"Wee! Pete?"

Asiyejua atadhani ni umbea tu. Ni umbea kweli, lakini ndio usalama wa kazi. Chini ya sitaha kuna tangi la chuma la maji ya kunywa, na ndani yake yumo mtu anayekwangua kutu. Humo hewa ni haba, na rangi itakayopakwa baadaye hutoa mvuke unaolevya. Kwa hiyo, mbali na barakoa na feni ya kupuliza hewa, mawifi hawa wana sheria moja: midomo isilale. Wa ndani akinyamaza, wa nje anavuta kamba na kupiga kelele watu waje.

Wa nje anaitwa Mama Tangi. Ana miaka hamsini na mitatu, na kwa muda mrefu aliyekuwa akiingia ni yeye. Wa ndani ni wifi yake, dada wa mumewe, ambaye karakana nzima inamwita Redio. Hilo halihitaji maelezo.

Mwaka huu wamebadilishana nafasi. Goti la Mama Tangi lilifanyiwa upasuaji, na daktari akamkataza katakata kujikunja. "Goti limegoma, na nyonga nazo zimenawiri," anasema huku akijipiga kiunoni. "Nikiingia humo leo, mtanitoa kwa msumeno."

Mlango wa tangi una upana wa sentimita arobaini na tano. Mwandishi wa makala haya alijaribu. Kichwa kiliingia, mabega yakakataa, mawifi wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Kwenye boti hii maji yalianza kutoka na rangi ya chai ya rangi. Koti la zamani la rangi ndani ya tangi limebanduka, na chuma kimeshika kutu. Nahodha alitaka tangi jipya, lakini kulitoa la zamani ni lazima sitaha ikatwe, na gharama inakuwa mara nne.

"Nikamwambia, usipoziba ufa utajenga ukuta," anasema Mama Tangi. "Chuma bado kizima, kinataka ngozi mpya tu."

Nahodha alikubali kwa sharti. Maji yakinuka au yakibadilika tena, anakata sitaha, na boti nyingine mbili za tajiri wake anazipeleka kwa mafundi wengine. Kazi yote ikawa mikononi mwa Redio, ambaye hajawahi kupaka tangi peke yake.

"Roho ilinidunda," Mama Tangi anakiri. "Nikisema wifi hawezi, kazi yetu imekufa. Nikisema anaweza, halafu akashindwa?"

Kukwangua kulikwenda vizuri: brashi ya waya, msasa, kufuta, kukausha. Kasheshe ilikuja siku ya koti la kwanza.

Tangi hupakwa kuanzia kona ya mbali, mpakaji akirudi kinyumenyume mpaka mlangoni. Redio alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Lakini alipoingia akakuta mwanga mzuri chini ya mlango, akaanza hapo hapo, huku akisimulia habari za jirani aliyemrudia mumewe kwa mara ya nne.

Mama Tangi alikuwa anacheka. Mara akaacha kucheka.

"Anayepaka sawasawa, sauti yake inakuja kwako," anaeleza. "Ya huyu ilikuwa inakwenda."

"Wifi, umeanzia wapi?" aliuliza.

Kimya.

"Wifi! Nijibu!" Akaikaza kamba.

"Mlangoni," sauti ikaja kinyonge. "Nimejifungia kwa rangi, wifi. Iko mbichi yote kati yangu na wewe. Acha nikae ikauke, nisije nikaharibu."

"Ukae na mvuke huo? Ng'o! Rangi itapakwa tena. Wewe ukianguka humo, nitakupaka nini? Kanyaga, uje!"

Redio alitoka magoti yakiwa meupe, analia. "Nimekuaibisha," alisema. Mama Tangi akamkumbatia, naye akachafuka. Kisha akachungulia ndani, akaona alama za magoti zimepangana sakafuni, akashindwa kujizuia kucheka. Ikabidi rangi ikauke, ipigwe msasa, ipakwe upya. Siku zikapotea, nahodha akanuna.

Mara ya pili Redio alianzia kona ya mbali, na hakutoka mpaka koti likakamilika. Koti la juu lilikuwa la kijivu juu ya lile jeupe, ili palipokosewa pajitangaze penyewe. Hapakujitangaza mahali popote.

"Miaka yote nilidhani mwenye kazi ni wa ndani," anasema Mama Tangi. "Kumbe wa nje ndiye anayekufa kila kukiwa kimya. Na huyu, miaka yote aliyonishikia kamba, hakuwahi kulalamika, na mdomo wote alio nao!"

Wakati rangi ikingojewa ikomae, alitaja mipango yake. Yeye atashika kamba, Redio atakuwa fundi mkuu. Na mwanawe wa kiume, ambaye bado hajaoa, ameshapewa nasaha: atafute mke mwenye roho nzuri na mabega membamba.

Leo tangi limejazwa, likasuuzwa, likajazwa tena. Nahodha anafungua bomba la jikoni, anajaza glasi, anaiinua kwenye mwanga. Ananusa. Anakunywa kidogo, anatulia, kisha anaimaliza. Mawifi wameshikana mikono kama watoto wanaosubiri matokeo ya mtihani.

"Hayana ladha yoyote," nahodha anasema. Kwa maji, hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. "Haya, zile boti mbili nitawaletea. Namba yako ninayo, fundi."

"Hiyo weka akiba," anajibu Mama Tangi. "Andika ya fundi mwenyewe." Anamsogeza wifi yake mbele.

Nahodha anatoa simu. Redio anaanza kuitaja namba yake, tarakimu moja, mbili, tatu, kisha anageuka kujifuta machozi. Mama Tangi anaimalizia.