Kioo cha Mama Mkwe

Kiyoyozi cha gari langu kina adui, na huyo adui siwezi kumwambia kitu.

Safari iliyopita mama mkwe alisema nimemkausha kama jani la tumbaku. Basi jana nikaenda kwa fundi. Akachomoa chujio la hewa, limejaa vumbi tupu. Akalisafisha, akanipa masharti: "Kwanza fungua vioo, joto litoke. Halafu funga vyote, bonyeza kitufe hewa izunguke ndani. Usifungue tena mpaka ufike."

Leo nimemfuata mama kijijini kwake, Kigwa.

Mvua ilikuwa imekatika, jua limetoka, fukuto la kugandisha shati mgongoni. Nikafunga vioo. Ubaridi ukaanza kuja.

Mama, kiti cha nyuma, akashusha kioo.

"Shikamoo mzee! Habari za shamba?"

Nikadhani ni salamu moja tu.

Jamani. Kila mwenye baiskeli. Kila mwenye jembe. Mpaka mtu aliyetupa mgongo aliitwa ageuke.

"Baba, punguza mwendo, sijasikia alivyojibu."

Nikapunguza. Ningesemaje? Huku kwetu mkwe haambiwi "funga kioo." Hata kumtazama kwenye kioo cha kuonea nyuma naona aibu.

Tulipoingia Tabora mjini, ambako yeye hamjui mtu, ndipo akapandisha kioo chake. Gari likapoa vizuri kabisa.

Tukawa tumefika getini.

Waliooa, naombeni msaada. Nimekaa hapa nje nimelowa jasho chapachapa, nimjibu nini? Ameshuka akaniuliza:

"Kumbe lina ubaridi mzuri hivi! Sasa njia nzima ulikuwa unamwekea nani?"