Nilipomwomba Mungu Afunge Mlango

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, na nikiikumbuka nasikia haya mpaka leo.

Nilikuwa nafanya kazi benki hapa Nyeri, na Wairimu alikaa dawati la karibu na langu. Nilikuwa nimesoma masomo ya jioni miaka mingi, mtoto mgongoni, nikitaka siku moja niache benki niingie mashirika ya maendeleo, yale yanasaidia wakulima nchi za nje. Hiyo ndoto nilimwambia Wairimu mimi mwenyewe, tukila githeri. Akaomba kazi ya aina hiyo kimya kimya, akachukuliwa. Malawi! Ati akasaidie akina mama wafugaji kuendesha chama chao cha maziwa. Yeye, mtu wa Skuta hapa mjini, hajawahi kushika chuchu ya ng'ombe! Na mimi nimelelewa kijijini Mukurweini nikikama kabla ya shule.

Pale ofisini walimwambia usiache mbachao kwa msala upitao. Mimi nilisema moyoni, hiyo ilikuwa kazi yangu.

Alhamisi, kwa maombi ya akina mama kanisani, Wairimu akasema bado hajatia sahihi, tumwombee. Wakanichagua mimi, rafiki yake. Nikafunga macho. "Baba, kama hii safari si mapenzi yako, funga huo mlango!" Nikarudia mara tatu, sauti ikipanda. Wamama wakaitikia, "Funga, Baba!"

Kesho yake akakuja kwangu macho mekundu. "Mama Njeri, nitakataa hiyo kazi. Jumatatu nawaambia. Kama Mungu amesema na wewe, mimi ni nani?"

Mwanangu, nilifurahi. Hata nikamshika mkono nikamwambia, "Mungu wetu hakosei."

Jumapili Cucu Nyaguthii, mama mzee wa kanisa letu aliyekuwa kwa yale maombi, akanivuta kando. "Wewe, Wairimu ameniambia anakataa kazi. Mungu alisema na wewe saa ngapi?"

"Cucu, mimi niliomba tu."

"Ati uliomba? Wewe ulifunga kufuli, halafu ukampatia Mungu ufunguo ndio alaumiwe yeye. Enda umwambie. Leo."

Nilimpata Wairimu akianika nguo. Nikasema haraka kabla niogope, "Haikuwa Mungu. Ilikuwa mimi. Nakuonea wivu."

Alibana nguo moja kwa kamba, halafu akasema, "Na mimi nilikuficha hiyo nafasi. Nilijua ukiiomba utanishinda."

Hatukukumbatiana. Lakini Jumatatu alitia sahihi, akaenda.

Sitakudanganya ati nilipona. Akinitumia picha na wale wamama wake, bado kitu inanichoma hapa kifuani. Siku hizi nasema tu, "Bwana, ni wivu tena," halafu namjibu vizuri.

Kwa hivyo sikia, mwanangu. Wivu utakuja, hata uwe mtu wa kufunga na kuomba. Uite kwa jina lake. Usiuvalishe nguo za kanisa, maana neno la maombi mtu analibeba kama la Mungu, na linaweza kumgeuza njia yake yote. Ukitamani kazi ya mwenzako, andika barua yako, uombe ya kwako.

Mungu akupatie kazi ya kupenda, na marafiki wa kuambia ukweli. Na siku mwenzako atatangulia, akupatie nguvu ya kumsindikiza mpaka stendi.