Fundi Cheche na Betri ya Mkwewe

Mzee Cheche alikuwa fundi umeme wa magari kwa miaka thelathini na minne, na mwaka wa mwisho aliufanya bila macho. Si kwamba alikuwa kipofu kabisa. Watu aliwajua kwa miondoko yao. Ila nyekundu na nyeusi zilikuwa zimegeuka rangi moja, na alama juu ya betri hakuziona tena. Hakumwambia mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini yeye alidhani methali hiyo inawahusu wengine. Waya wake mwekundu aliufunga kitambaa, na vidole vilimaliza kazi: kichwa cha chanya ni kinene kidogo kuliko cha hasi.

Asubuhi hiyo aliitwa na mkwewe, mume wa binti yake. Teksi iliyolisha nyumba nzima ilikuwa imegoma kuwaka. Mzee akaja na toroli lenye betri nzima na nyaya za kubusti, za kuazimia moto, utani mdomoni.

"Itawaka tu. Teksi hii ina adabu kwa wakwe kuliko mwenyewe."

Akafunua boneti, akapapasa. Vichwa vyote viwili vilikuwa vimeganda ukoko, unene mmoja.

Mwezi uliopita alikwama hivyohivyo kwenye gari la mwalimu mstaafu, jirani yao, akabahatisha. Moshi ukafuka, nyaya zikaungua. Naye, bila hata kupepesa, akasema gari lilikuwa bovu tangu zamani. Mwalimu aliamini, maana nani asiyemwamini Cheche? Sasa mwalimu huenda kliniki kwa miguu, na mkongojo wake.

"Kuna tatizo, baba?" mkwe akauliza.

Mbele ya mkwe, mwanamume hufa na tai shingoni. Ndivyo mzee alivyolelewa. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

"Chanya ni ipi, mwanangu? Sioni."

Mkwe hakucheka. Aliushika mkono wa mzee, akauongoza taratibu, kichwa cha chanya hiki hapa, cha hasi kile pale. Teksi ikawaka mara moja.

"Usiizime," mzee akasema. "Itembee nusu saa, betri ijae."

"Twende wapi sasa?"

Mzee alikuwa ameshaingia na kufunga mlango.

"Kwa mwalimu. Utanishika mkono mpaka mlangoni kwake. Maneno nitayasema mwenyewe."