Chapati Nilizompikia Mama

Kama uliwahi kupita Bunda na lori la pamba miaka ya Mwingereza, ulikula kwangu. Usibishe. Hoteli yenye chapati laini kama kitambaa ilikuwa moja tu, na ilikuwa yangu mimi niliyeishia darasa la pili. Leo nina nyumba ya bati Musoma, pale Kitaji, na mwanzo wake ni siku mama aliponitoa jikoni.

Vita vya Burma sikupiga mtu risasi. Nilikuwa mpishi, tena hakuna aliyenifikia kambi nzima. Chapati nilifundishwa na mpishi wa Kihindi, tumejikunyata chini ya turubai, mvua haikatiki. Kila niliposukuma moja nilikuwaga nawaza: hii mama angeila.

Vita vilipoisha nikashuka melini Musoma, nikanunua unga wa ngano na mafuta, nikatembea mpaka kwetu Butiama. Baba alichinja beberu. Jioni, zizini, wanaume wakaniuliza nimeua wangapi. Nikasema sikuua, mimi nililisha watu. Mmoja akakohoa, wakarudi kwenye habari za ng'ombe na mahari. Nilikaa nao siku zote zile kama mtu anayesubiri lori. Ng'ombe wenyewe nilikuwa nimewasahau majina.

Jeshini nilizoea kuwasha moto kabla ya jogoo. Asubuhi moja nikawasha wa mama, nikasukuma chapati kwa chupa, nimkute nazo kabla hajaenda shamba. Akaingia akanikuta nimechuchumaa kwenye mafiga. Kwetu mwanaume hagusi mafiga. Hakunigombeza. Alikaa chini, machozi yakamtoka.

"Mwanangu, wamekufanya nini huko?"

Nikamwambia sijafanywa kitu, aonje tu. Akakataa. Akanishika mkono akanitoa nje polepole, kama mtu anayemtoa mgonjwa. Chapati zililiwa na mbwa. Wa rika langu waliposikia, kila nikipita ilikuwa, "Bwana jeshi, pita na kwangu, mke wangu amechoka kusonga." Nilicheka nao. Ya mbwa sikuicheka.

Ndipo nikaenda Bunda, nikasimamisha kibanda cha nyasi kando ya barabara. Madereva hawaulizi nani kashika mafiga. Baadaye jina langu lilienda mpaka Mwanza, wala sijisifu, ndivyo ilivyokuwa.

Siku moja ya mnada nikamwona mama, na mtama wake kichwani. Ndani hakuingia. Alizunguka nyuma, akakaa juu ya kuni zangu, akaipa barabara mgongo. Nikamletea chapati na chai ya maziwa. Nikasimama pale, wateja wananiita, siendi.

Akakata kipande. Akatafuna muda mrefu, anaangalia chini. Akakata kingine. Mpaka sahani ikaisha.

"Unga huu ukande kwa maziwa," akasema. "Maji yanaukaza."

Aliniambia kama anavyowaambia dada zangu. Nikaitikia, "Ndiyo, mama."

Aliposimama akajifuta mikono kwenye kanga. "Nifungie na za baba yako. Nitamwambia nimenunua kwa Mwarabu."

Baba alikula chapati zangu mpaka kifo chake, akimsifu sana yule Mwarabu wa Bunda. Na kuanzia siku ile nilikanda kwa maziwa. Ule ulaini madereva waliousifia mpaka Mwanza, ni wa mama.